Wanja wa Mtoto: Safari Ndefu ya Kitu Kidogo

SEHEMU YA 1: SWALI LENU

 

Kuna swali linanijia inbox kila wiki: "Nesi, eti wanja kwa mtoto ni mbaya? Mbona sisi tulipakwa na tuko hai?"

Ningeweza kujibu kwa neno moja tukamaliza. Lakini najua neno moja halitakusaidia siku utakayokaa na mama mkwe sebuleni, mtoto katoka kuoga, kichupa cha wanja kiko mkononi mwake. Siku hiyo unahitaji kujua kitu kilikotoka, kwa nini wazee walikipenda, na nini kilikuja kugundulika baadaye. Kwa hiyo leo nawapitisha kwenye historia. Ni ndefu kidogo, nimeigawa sehemu 8. Soma taratibu huku unanyonyesha.

Kwanza tuelewane tunaongelea nini. Huku Pwani, na siku hizi hata bara, mtoto akishaogeshwa na kupakwa mafuta ya nazi, bibi anachukua wanja anamchora nyusi. Wengine wanampitishia kwenye kope. Wengine wanamwekea doa jeusi kwenye paji la uso. Ukiuliza kwa nini, utapewa sababu tatu: nyusi ziote nyeusi, macho yawe makubwa na yasiugue, na husuda ya watu isimpate. Hakuna bibi anayempaka mjukuu wanja kwa nia mbaya. Tulishike hilo tangu mwanzo, maana hii si posti ya kuwasema wazee.

Halafu lisikilize jina lenyewe: wanja wa manga. Manga ni jina la zamani la Arabuni, hasa upande wa Oman. Ndiyo maana tunasema pilipili manga. Kwa hiyo jina linatuambia kwamba bidhaa hii ilikuja na majahazi ya kaskazi, pamoja na tende, mazulia na chumvi. Tuliipokea kutoka kwa watu ambao nao waliipokea kwa wengine. Tuwafuate nyuma, hadi tufike mwanzo.

SEHEMU YA 2: MISRI, MIAKA ELFU NNE ILIYOPITA

Mmeshaiona ile sanamu ya Malkia Nefertiti, yenye kofia ndefu ya buluu na macho yaliyochorwa vizuri? Ilichimbuliwa Misri mwaka 1912 na sasa iko Berlin. Ule mstari mweusi kwenye jicho ndio wanja wetu huu huu.

Wamisri wa kale walipaka macho wote: wanawake, wanaume, watoto, matajiri na maskini. Mwanzoni walipendelea unga wa kijani wa jiwe linaloitwa malakaiti. Baadaye rangi nyeusi ikashika. Nyeusi hiyo ilitoka kwenye jiwe zito la kijivu lenye kung'aa, linaitwa galena. Walilichimba sehemu kama Gebel Zeit, kwenye pwani ya Bahari ya Shamu. Lilisagwa kwenye kibao cha jiwe, likachanganywa na mafuta, likawekwa kwenye kichupa.

Vilevile lilikuwa bidhaa ya biashara. Malkia Hatshepsut, aliyetawala karibu miaka 1,470 kabla ya Kristo, alituma merikebu kwenda nchi ya Punt, upande wa Pembe ya Afrika. Ukutani kwenye hekalu lake waliandika vitu vilivyorudi: dhahabu, pembe za ndovu, mpingo, ubani, na humo humo rangi ya macho. Kwa hiyo Afrika Mashariki kuhusishwa na biashara ya wanja si jambo la jana.

Walipaka kwa ajili gani? Uzuri, ndiyo. Imani, ndiyo, jicho lilikuwa alama ya ulinzi. Lakini pia ilikuwa dawa. Nchi ya jua kali, vumbi na nzi ina magonjwa ya macho mengi, na maandishi ya matibabu ya Wamisri yamejaa dawa za macho.

Sasa sikieni hii. Mwaka 1999 wanasayansi wa Ufaransa walichapisha matokeo ya kupima unga uliobaki kwenye vichupa vya Kimisri vilivyohifadhiwa makumbusho ya Louvre, Paris. Mbali na galena, walikuta aina mbili za chumvi ya madini ambazo ni adimu sana kukutwa zenyewe ardhini. Maana yake watu walizitengeneza makusudi, kwa kuchanganya na maji na chumvi siku nyingi, wakimwaga maji na kurudia. Mwaka 2010 watafiti wakajaribu chumvi hizo kwenye seli za ngozi maabara, wakaona kiasi kidogo sana kinaziamsha seli kutoa kemikali inayosaidia kinga.

Kwa hiyo bibi anaposema wanja ni dawa ya macho, hasemi upuuzi. Anarudia jambo lenye umri wa maelfu ya miaka.

Tatizo ni madini yenyewe. Galena ni jiwe la risasi. Si risasi ya bunduki nazungumzia, ni yale madini ambayo risasi za bunduki zilitengenezwa kwayo. Chumvi zile mbili nazo ni za risasi. Na seli chache kwenye kichupa cha maabara si mtoto wa miezi mitatu.

SEHEMU YA 3: JIWE GANI LIKO KWENYE KICHUPA?

Kutoka Misri wanja ulisambaa. Warumi wakautumia, Waajemi, Wahindi wakauita surma au kajal, Waarabu wakauita kuhl. Kuna jambo dogo la kufurahisha hapa. Kuhl ilikuwa unga laini kabisa. Wataalamu wa kemia wa zamani wakaanza kuita kitu chochote kilichosafishwa hadi kiini chake "al-kuhl", na hatimaye jina hilo likaangukia kwenye pombe iliyokenekwa. Ndiyo alkoholi! Ile spiriti tunayokufutia ngozi kabla ya sindano na wanja wa bibi ni ndugu wa jina.

Turudi kwenye jiwe. Vitabu vingi vya zamani vinataja jiwe lingine, la antimoni, ambalo Waarabu huliita ithmid. Hilo ndilo Waislamu wengi wanalikusudia wanapopaka wanja kwa kufuata sunna. Shida ni kwamba jiwe la antimoni na jiwe la risasi wanafanana mno. Yote ya kijivu, yote yanang'aa, yakisagwa yote yanatoa unga mweusi. Galena mara nyingi ndiyo rahisi kupatikana. Basi karne kwa karne jina likabaki la jiwe moja na unga ukawa wa lingine.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, watafiti walikusanya wanja zinazouzwa Oman na nchi nyingine za Ghuba wakazipima. Nyingine zilikuwa masizi matupu. Nyingine zilikuwa na madini ya zinki. Na nyingine kiungo kikuu kilikuwa galena, yaani risasi. Kwa macho ya kawaida huwezi kuzitofautisha.

Oman kwenyewe kuna wanja mwingine wa nyumbani, unaotokana na masizi ya ubani: ubani unachomwa, moshi unakingwa kwa chombo, masizi yanakwanguliwa. Huo hauna jiwe. Kwa hiyo mama wawili wanaweza wote kusema "mimi natumia wanja wa asili", mmoja ana moshi wa ubani na mwenzake ana jiwe la risasi, na wote wawili wanasema kweli.

Hapo ndipo nataka mshike. Risasi ni kitu cha asili. Inatoka ardhini, haina kemikali ya kiwandani, haina harufu, haiwashi, haileti vipele. Mtu anayekuuzia kwa kukuambia "hii ni asilia, haina madhara" amekupa sentensi mbili ambazo hazitegemeani.

SEHEMU YA 4: RISASI INAFANYA NINI KWA KICHANGA

Kabla hatujaenda mbele nieleze kidogo kazi ya mwili, halafu turudi kwenye historia.

Wanja ukipakwa kwenye kope, unga haukai pale. Jicho linatoa machozi, na machozi yana mfereji mdogo unaoshuka hadi puani na kooni. Ndiyo maana ukiwekewa dawa ya macho unasikia uchungu mdomoni. Halafu mtoto anafikicha macho, na mkono ule ule unaingia mdomoni. Kwa hiyo kilichopakwa jichoni kinamezwa.

Ndani ya mwili, risasi inajifanya kalsiamu. Mwili wa mtoto una njaa ya kalsiamu kwa ajili ya mifupa na ubongo, unaipokea kama mgeni wa heshima. Shirika la Afya Duniani linasema mtoto mdogo hufyonza risasi aliyoimeza mara 4 hadi 5 kuliko mtu mzima. Akiwa na upungufu wa madini ya chuma au kalsiamu, anafyonza zaidi. Na nyie mnajua ni watoto wangapi wetu wana upungufu wa damu.

Dalili? Hiyo ndiyo inayoniumiza kichwa. Mara nyingi hakuna. Pengine hali vizuri, choo kigumu, tumbo linamsumbua, damu inapungua. Vitu ambavyo kila mtoto anavipata. Ikiwa nyingi sana ndipo degedege na kupoteza fahamu. Lakini kiasi kidogo kinachoingia kila siku kinakula pole pole uwezo wa mtoto kujifunza na kutulia, na kilichopotea hapo hakirudi.

Ikishaingia, sehemu kubwa hukaa kwenye mifupa kwa miaka mingi. Msichana akija kubeba mimba, mwili unapotoa kalsiamu ya mifupani kumpa mtoto tumboni, risasi nayo inatoka. Kwa hiyo tunaongelea vizazi viwili kwa mpigo.

SEHEMU YA 5: NCHI ILIYOGUNDUA KUPITIA WATOTO WAKE

Sasa, watu walijuaje kuwa kipodozi cha mama kinaweza kumdhuru mtoto? Moja ya hadithi zilizo wazi zaidi inatoka Japani. Kule haikuwa wanja mweusi. Ilikuwa poda nyeupe ya uso iliyotengenezwa kwa risasi hiyo hiyo.

Kwa karne nyingi wanawake wa Japani wa familia za heshima walipaka uso, shingo na kifua poda nyeupe. Risasi ilipendwa kwa sababu inashika ngozi vizuri na inateleza. Waigizaji wa michezo ya kabuki nao walipaka. Mwaka 1887 mwigizaji maarufu, Nakamura Fukusuke, alikuwa anacheza mbele ya Mfalme Meiji, miguu ikaanza kumtetemeka bila kukoma. Ilikuwa sumu ya risasi kutoka kwenye poda ya miaka na miaka. Nchi nzima ikaongea.

Mwaka 1900 serikali ikatoa kanuni ya kuzuia rangi zenye sumu. Lakini poda ya uso yenye risasi ikaachwa nje ya katazo kwa muda. Biashara ilikuwa kubwa, na mbadala haukupendeza sana usoni. Huo "muda" ukaja kuwa miaka zaidi ya 30.

Miaka hiyo hiyo madaktari wa watoto walikuwa wanahangaika na ugonjwa wa ajabu. Vichanga wanaonyonya, wakiwa wanaota meno, wanapauka, wanatapika, wanapata degedege, wanakufa au wanabaki na ulemavu. Ulifanana na homa ya uti wa mgongo lakini haukuwa wenyewe, hata wakauita "kinachoitwa homa ya uti wa mgongo". Waliwaza maziwa, waliwaza hali ya hewa.

Mwaka 1923 daktari wa watoto wa Kyoto, Ikutaro Hirai, akatoa jibu: ni sumu ya risasi, na inatoka kwenye poda ya mama. Fikirieni mtoto akinyonya. Uso wake uko wapi? Kwenye kifua na shingo ya mama. Analamba, anashika, anapeleka mkono mdomoni. Mama anayejipamba ili apendeze ndiye aliyempakata mtoto kwenye sumu bila kujua. Katika miaka ya 1930 utengenezaji wa poda hiyo ukapigwa marufuku.

Miaka ya karibuni watafiti wakapima mifupa ya familia za samurai iliyozikwa zamani mji wa Kokura. Mifupa ya wanawake ilikuwa na risasi kuliko ya wanaume. Ya watoto ilizidi, na waliozidi kabisa ni wale wa umri wa miaka 3 kushuka chini. Umri wa kunyonya na kubebwa. Hawa walikuwa watoto wa wakubwa, wenye chakula kizuri na wahudumu nyumbani. Pesa haikuwakinga, pesa ndiyo iliyonunua poda.

SEHEMU YA 6: UGUNDUZI UNAFIKA KWENYE WANJA

Kwa upande wa wanja wenyewe, kengele ilianza kulia pale familia zilipohama. Huko walikotoka watoto walikuwa hawapimwi damu kuangalia risasi. Walipofika kwenye nchi zenye vipimo, ikaonekana.

Uingereza, mwaka 1968, jarida la madaktari la nchi hiyo lilichapisha taarifa ya sumu ya risasi iliyotokana na kipodozi cha macho. Katika miaka ya 1970 wakalinganisha watoto wa familia za Kiasia: waliopakwa surma walikuwa na risasi nyingi damuni kuliko wasiopakwa.

Mwaka 2011, Boston, Marekani, mtoto wa miezi 6 mwenye asili ya Nigeria alipimwa kama wanavyopimwa wenzake. Alikuwa mzima, anacheza. Damu yake ilikuwa na risasi mikrogramu 13 kwa desilita, wakati kiwango cha kushtuka kilikuwa 10. Wakatafuta nyumbani, rangi ya ukuta, maji, hakuna. Mwishowe kikapatikana kichupa cha tiro, wanja wa Kinigeria, aliokuwa anapakwa kwenye kope. Maabara ikapima: zaidi ya asilimia 82 ya unga ule ilikuwa risasi. Familia ikaacha kuupaka, na risasi damuni ikaanza kushuka.

Angalieni pia jinsi kile kiwango cha kushtuka kilivyokuwa kinabadilika Marekani. Miaka ya 1960 ilikuwa 60. Mwaka 1970 ikawa 40, 1975 ikawa 30, 1985 ikawa 25, 1991 ikawa 10, 2012 ikawa 5, na 2021 ikawa 3.5. Watoto hawakubadilika. Wataalamu walikuwa kila wakichunguza kwa makini zaidi wanakuta madhara kwenye kiasi kidogo zaidi. Leo Shirika la Afya Duniani linasema wazi kwamba hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Na Marekani kohl haikubaliwi kisheria kama rangi ya vipodozi.

SEHEMU YA 7: MSISEME NI MAMBO YA HUKO KWA WENZETU

Najua kuna anayesema: "Nesi, Japani na Boston ni mbali." Sawa, twende Mombasa.

Mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, kulikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari ili kutoa risasi. Mwaka 2009 mama mmoja, Phyllis Omido, aliajiriwa hapo. Mtoto wake mdogo akaanza kuumwa na madaktari wakahangaika. Vipimo vilipokuja vikaonyesha sumu ya risasi. Omido aliacha kazi akaanza kupigania mtaa mzima. Kiwanda kilifungwa 2014, mwaka 2015 akapewa tuzo ya kimataifa ya mazingira ya Goldman, na mwaka 2020 mahakama Mombasa ikaamua wakazi walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3. Kesi ikaendelea kwenye rufaa kwa miaka kadhaa.

Hiyo ni risasi ya kiwandani, si ya wanja, na kiasi chake ni kingine. Nimeileta kwa sababu moja: Pwani yetu hii hii watoto wameumizwa na risasi, na aliyeliona kwanza alikuwa mama.

Sasa naweza kujibu lile swali, "mbona sisi tulipakwa na tuko hai?"

Kwanza, pengine wanja wako ulikuwa masizi, haukuwa jiwe. Hujui, na bibi naye pengine hakujua. Pili, sisi hatukupimwa. Tulikua wakati ambao hata petroli ya magari ilikuwa na risasi. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliiacha rasmi kufikia mwanzo wa 2006. Tuko hai, ndiyo. Lakini risasi mara nyingi haiui. Inapunguza. Na hakuna mtu anayeweza kujua angekuwa nani kama asingepunguzwa.

SEHEMU YA 8: BASI TUFANYE NINI

Wazee walitaka macho ya mtoto yalindwe. Hitaji lile lilikuwa la kweli. Zamani vichanga wengi walipofuka kwa maambukizi wanayopata wakati wa kuzaliwa. Mwaka 1880 daktari wa Leipzig, Ujerumani, Carl Credé, alianza kuwatia watoto tone la dawa ya nitrati ya fedha machoni mara wanapozaliwa. Ugonjwa uliokuwa ukimpata karibu mtoto 1 kati ya 10 kwenye hospitali yake ukakaribia kwisha. Ile dawa ya macho ya tetracycline tunayompaka mtoto wako chumba cha kujifungulia ndiyo mjukuu wa kazi hiyo. Kwa hiyo macho ya kichanga yamelindwa tayari siku aliyozaliwa.

Haya ndiyo ninayowaambia mama wa kliniki yangu:

1. Machoni na kwenye kope za mtoto usipake kitu chochote. Wala wanja, wala maziwa ya ziwa, wala maji ya majani. Jicho likitoa usaha, jekundu au limevimba, njoo kituo cha afya siku hiyo hiyo.

2. Nyusi nazo acha. Wanja haziotishi. Nyusi za mtoto zinaota zenyewe kwa alivyorithi kwenu.

3. Wanja wa masizi hauna jiwe, lakini bado ni unga kwenye jicho laini. Na kijiti kimoja kinachopita macho ya watu wanne kinabeba vijidudu vya wote wanne.

4. Mama mwenyewe, kama unapenda wanja, na wengi tunapenda, nunua uliosajiliwa. Tanzania vipodozi viko chini ya TBS tangu 2019, Kenya ni KEBS. Unga au jiwe la kupimiwa sokoni bila jina la mtengenezaji, pita. Ukiwa mjamzito au unanyonyesha, pita kabisa.

5. Usiache kunyonyesha kwa kuogopa posti hii. Acha wanja, endelea kunyonyesha. Mboga za majani, maharage, dagaa na maziwa vinakupa chuma na kalsiamu, na mwili wenye hivyo hufyonza risasi kidogo.

6. Kama mtoto amepakwa wanja wa jiwe kwa muda, usitishike wala usijilaumu. Acha leo, mnawishe mikono mara kwa mara, na mweleze daktari ukiwa na kichupa mkononi. Kipimo cha risasi hakipo kila kituo, uliza hospitali kubwa.

Kuhusu bibi. Tafadhali msiende kumrushia simu usoni na kumwambia "nesi kasema". Mpe shikamoo, kaa chini, mwambie hivi: "Bibi, mila yako ni nzuri, nataka mtoto apambwe. Ila wanja wa siku hizi hatujui umesagwa jiwe gani. Tuache macho, wewe mkande mafuta ya nazi na umwombee dua." Bibi wengi ninaowajua wanakubali, maana hujamnyang'anya mjukuu wala heshima yake. Kumkanda mtoto, kumwimbia, kumfunga kanga safi, hayo mikono yake inayajua kuliko yetu.

Na akikataa, mwambie aje naye kliniki siku ya kupima uzito. Tutaongea naye sisi, kwa adabu zote.

Maswali wekeni hapo chini, najibu nikitoka zamu. Na ukiona ina faida, itume kwenye grupu la familia. Hasa lile lenye mashangazi.